Betri Tatu na Paa la Sinema

Nyumbani kwetu hakuna kitu kinachoruhusiwa kulala bila chaji. Ukisahau simu mezani, ukirudi utaikuta kwenye soketi. Tochi, redio, taa ya dharura, hata mashine ya kunyolea ya kaka yangu ambaye alishahama na hana habari nayo, vyote mama huvichaji umeme ukirudi, wala hachagui. Umeme wa mtaani kwetu huondoka bila kuaga, na mama ameishi nao miaka mingi kiasi cha kutouamini hata ukiwa umewaka. Mtu akimkuta anahangaika na nyaya, jibu lake ni moja tu, kwamba bora kimejaa kuliko kuja kulia gizani.

Nayasema haya mapema ili nieleweke. Betri za droni yangu zilipoanza kuvimba, sikuona cha kushangaza. Niliona ni mama na mambo yake.

Lakini nianze na baba, kwa sababu droni ilikuwa yangu ila shida ilikuwa yake. Baba ni fundi wa kuezeka. Nasema ni fundi, ingawa hajapanda ngazi tangu alipoumia, kwa sababu ukithubutu kusema "alikuwa" atakununia mpaka jioni. Ameezeka shule, maghala, nyumba za ibada na nyumba za watu wasiojua ibada ni nini, na kote huko hakuwahi kuteleza. Akaja kuanguka kutoka kwenye banda la kuku la jirani, mahali ambapo mtu mrefu angeweza kugusa bati akiwa amesimama chini. Aliangukia mgongo. Tangu siku hiyo anatembelea kiti cha magurudumu, na kuku hawazungumzwi mbele yake.

Kinachozungumzwa ni paa la sinema. Jengo la sinema ya zamani liko upande wa pili wa soko, na kuta zake zimepanda juu kuliko paa lenyewe pande zote, kwa hiyo ukisimama barabarani huoni hata ncha ya bati. Baba husema humo ndani kuna paa gumu kuliko yote aliyowahi kuyagusa, lenye mabonde mawili na mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta. Mafundi wengine walilitazama wakasingizia kazi nyingine. Yeye alilipanda, akakunja kingo za bati moja moja kwa mkono, na paa halikuvuja tone. Kila mgeni anayekanyaga kwetu hulisikia hilo kabla hajaulizwa hali. Kinyozi wa baba amelikariri. Wajukuu wakitaka peremende wanaanza kwa kuuliza habari za sinema, na baba, ambaye si mjinga, anajua fika kwamba wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini peremende zinatoka.

Basi likabandikwa tangazo kwamba barabara itapanuliwa na sinema itabomolewa. Baba alilisikia kwa kinyozi. Sabuni ikiwa bado shavuni, akaniita kutoka mlangoni nilikokuwa nikimngoja, akaniambia anataka kuliona paa lake mara moja kabla halijashuka. Huyu ni mtu ambaye hata maji ya kunywa anaona tabu kuomba. Nilimjibu kwamba ataliona, na moyoni nililichukulia kama deni.

Mimi nafanya kazi studio ya picha, za vitambulisho siku za kazi na za harusi mwisho wa wiki. Droni niliinunua ikiwa imeshatumika, kutoka kwa mwenzangu aliyechoshwa nayo, pamoja na betri zake tatu za mtindo wa zamani, zile ambazo hazina akili ya kujitunza zenyewe. Nilikuwa nairusha kwenye uwanja wa mpira kwa raha zangu. Mama aliona aibu, binti mzima kukimbiza kidude angani mbele za watu. Baba aliibatiza Mbu kwa sababu ya mlio wake, na kabla ya habari ya sinema hakuwa na shughuli nayo.

Baada ya ahadi yangu alikuwa mtu mwingine. Aliomba kile kijitabu cha maelekezo. Baba ni mtu anayesoma karatasi ya dawa mpaka anwani ya kiwanda, kwa hiyo kijitabu alikimaliza, akarudia, na akajipa cheo cha mtunza betri bila kunishauri. Mezani hatukula tena kwa amani. Tulielezwa kwamba betri ya aina ile haitaki kukaa tupu na haitaki kukaa imejaa, ikihifadhiwa ihifadhiwe ikiwa nusu. Hujazwa siku ya kuruka, si kabla. Ikitoka kuruka iachwe ipoe ndipo ichajiwe, na ikiwa kwenye chaja isiachwe peke yake hata kidogo. Joto ni adui yake. Ikivimba, basi, hiyo si betri tena, hiyo ni moto unaosubiri. Baba alisema ni vitu vyenye deko, na akamtazama mama alipokuwa akisema hivyo. Mama alikuwa anachambua mchele, akasema hajui anasemwa nani.

Tulikuwa tuende Jumamosi iliyofuata. Mvua ikatuzuia. Halafu nikapata harusi mbili mfululizo, halafu ukaja upepo wa kuezua watu. Betri zilikaa kabatini nusu nusu kama baba alivyoagiza, na siku tulipopata hewa tulivu alifungua kabati akakuta moja imevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

Nilimwambia ameisahau kwenye chaja. Akaniambia mimi ndiye niliyeirudisha ikiwa imejaa. Tulikuwa tumeshapandishiana sauti pale mama alipotoka jikoni akifuta mikono, akasema ni yeye. Alizikuta kabatini, akaona zina nusu, akazijaza, akidhani anatusaidia. Nilicheka kwa hasira. Baba alimweleza tena yote, taratibu, mstari kwa mstari, na mama akaitikia kila mstari kwa unyenyekevu ambao si wa kwake. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mama yangu hajawahi kusomewa somo na mumewe akatoka bila kurudisha walau neno moja.

Betri iliyovimba niliipeleka nje kwenye ndoo ya mchanga, nikaipitisha kwa watu wanaopokea vitu vya aina hiyo. Mbili zilizobaki nilizishusha hadi nusu. Tukapanga wiki inayofuata.

Katikati ya wiki hiyo nilisahau kadi ya kamera nyumbani, nikaomba ruhusa nikairudie mchana. Baba alikuwa amelala. Mama alikuwa chumba cha nyuma, amekaa kwenye kigoda mbele ya chaja, mikono magotini, anaangalia betri yangu. Taa ilikuwa imeshageuka kijani. Dirisha lilikuwa wazi na jua lote limeelekezwa pale. Hakushtuka aliponiona wala hakujifanya anafagia.

Kilichonionyesha ukweli kilikuwa kile kiplagi kidogo cheupe. Betri zile zina nyaya mbili, mnene wa kupeleka nguvu na mwembamba wa kusawazisha chaji, na ule mwembamba baba mwenyewe huuchomeka kwa miwani na matusi. Mama alikuwa ameuchomeka sawasawa. Mtu anayechaji kwa mazoea hajui waya ule. Huyu alikuwa amesikiliza kila neno mezani, akachukua kila katazo na kulifanya kinyume.

Nilifunga mlango. Nilimuuliza kwa sauti ya chini ana ugomvi gani na baba.

"Paa halipo," mama akasema.

Akanisimulia akiwa ameinamia mikono yake. Wiki ile ya kwanza baba akiwa wodini, yeye alikuwa akipita sokoni na chakula cha mgonjwa. Akakuta lori mbele ya sinema, na vijana wako juu ya ukuta wanatupa mabati chini. Jengo lilikuwa limepata mmiliki mpya, anataka kulifanya ghala, na ameamua kuezeka upya kwa mabati ya rangi. Mama alisimama akiyaangalia yanavyorundikwa. Aliyajua kwa zile kingo zilizokunjwa kwa mkono. Kisha akaendelea na safari yake hospitali, na hakusema kitu, siku hiyo wala siku nyingine. Waliojua mtaani aliwaomba wanyamaze, nao wakanyamaza. Kinyozi anajua. Kaka yangu anajua. Wote hao wamekuwa wakikaa sebuleni kwetu, wanasikiliza habari za paa lisilovuja, na kutikisa vichwa.

Nilimkasirikia sana, nisiseme uongo. Nilimuuliza kwa nini mimi sikuambiwa. Akasema mimi uso wangu haujui kuficha, na hapo hakukosea. Nilimwambia basi amwambie leo, aamshwe aambiwe. Mama alinitazama, akaniambia kama naona ni jambo jepesi, mlango ule pale, niende nikamwambie mwenyewe. Nilisimama. Nilifika mpaka kwenye korido, nikasikia baba anakoroma, nikarudi.

Betri ile nayo ilivimba siku ya pili yake. Baba aliikuta, na safari hii hakufoka. Aliomba ile moja iliyobaki, akaiweka kwenye kopo la bati, akaliweka kopo chini ya kitanda chake upande wa ukuta, na akasema kuanzia sasa atakayeitaka ataruka juu yake. Aliyasema hayo akimtazama mama kwa mtazamo mrefu kidogo. Nadhani alikuwa ameanza kujiuliza.

Kisha mashine ya kubomolea ikaletwa, ikaegeshwa mbele ya sinema. Hakukuwa na wiki nyingine ya kusubiri.

Usiku sikupata usingizi mzuri, lakini asubuhi nilikuwa na hila yangu. Kwenye simu inayounganishwa na droni kuna mahali pa kuweka kimo cha mwisho, yaani unaiambia isipande zaidi ya hapa, nayo hata uisukume vipi haipandi. Baba alipokuwa amekaa karibu na chaja akiilinda betri yake kama askari wa lindo, mimi niliingia chooni na simu, nikaweka kimo cha chini kidogo ya ukuta wa sinema. Mpango ulikuwa mwepesi. Droni itapanda, itagota, nitasema imezeeka, tutasikitika wote, tutarudi. Kesho yake jengo litakuwa chini, na baba atabaki na paa lake. Nilijipongeza kabisa.

Nilimsukuma baba hadi sokoni. Mama alikuja bila kualikwa, amevaa viatu vya kutokea, akitembea nyuma yetu. Mlinzi wa eneo lile alimfahamu baba, akatufungulia utepe tukasimama kwenye kivuli cha jengo la pili. Baba akaanza kuniendesha. Kwanza mapanga yake, yale ya kuzunguka kama ya feni, kila moja kwenye upande wake, na kuyatikisa kuona kama yameshika. Kisha betri, mpaka ilie tak. Kisha dira, na dira ya droni hurekebishwa kwa kuishika mikononi na kuzunguka nayo pale ulipo, kwa hiyo nilizunguka kama mwali anayefundishwa ngoma, wauza mboga wakicheka. Kisha kungoja ipate setilaiti za kutosha ili ijue ilipotokea, iweze kurudi yenyewe ikizidiwa. Baba hakuwa na kijitabu. Alikuwa nacho kichwani.

Droni ikapaa. Rimoti ya kuiongoza nilikuwa nayo mimi, na simu inayoonyesha picha ilikuwa mapajani kwa baba, amekunja kiganja juu yake kuzuia jua. Akaona ukuta ukishuka polepole, lipu iliyobanduka, maandishi ya zamani yaliyofifia, kiota cha ndege. Halafu ukuta ukasimama.

"Panda," alisema.

Nikamwambia imegoma. Nilisukuma kijiti cha rimoti mbele yake aone sidanganyi. Nikaanza hotuba niliyoiandaa kuhusu uzee wa vyombo. Baba hakunisikiliza. Aliinamia skrini, akasoma namba zilizo pembeni, akazisoma tena.

"Umeifunga kimo," akasema. "Mbu hagomi hivi. Akichoka anayumba. Huyu ametulia tuli kwa sababu ameambiwa atulie."

Mimi, kama mama alivyosema, uso wangu haujui kuficha.  Baba aliniangalia, akamwangalia mama aliyekuwa amesimama ameshika mpini wa kiti, na nikaona anazikumbuka betri zile mbili, moja moja, na kuziweka mahali pake.

"Betri inaisha, mwanangu," alisema bila ukali. "Kifungue."

Sikuweza kugusa simu. Nilimtazama mama.

"Mfungulie," mama akasema.

Nikaipokea simu, nikaondoa kizuizi, nikairudisha mapajani kwake, nikasukuma rimoti. Ukuta ukaisha. Ukaja ukingo wenye kinyesi cha ndege, halafu likajitandaza paa lote, la buluu, buluu iliyopauka ya mabati ya bei rahisi, na kutu imeshaanza kwenye viungo. Mabonde yalikuwepo, lakini mfereji ulikuwa umezibwa kwa saruji na maji yametuama juu yake. Sikujua niangalie wapi. Niliangalia droni yenyewe angani, ambako hakukuwa na haja ya kuangalia.

Baba aliisogeza simu karibu na macho. Kisha akaniambia nishuke kidogo. Nikashuka. Niende kushoto. Nikaenda.

"Misumari wameipigilia bondeni," alisema. "Maji yote yanapita hapohapo. Nani anaezeka hivi?"

 Alikuwa akiuliza kama fundi anayeitwa kukagua kazi ya mwingine, na kwa kitambo kidogo nilifikiri tumepona, kwamba litaishia kwenye misumari. Halafu akaondoa kiganja juu ya ile simu, akailaza.

"Yangu yalishuka lini?"

"Ukiwa wodini," mama alijibu. "Wiki ile ya kwanza."

"Na watu wanajua."

"Baadhi."

Baba alitikisa kichwa polepole. Nilimwona akiwapitia wote, wageni, kinyozi, wajukuu na peremende zao, na uso wake ukaiva kwa aibu kwa namna ambayo sijawahi kuiona, hata siku ile ya banda la kuku. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba kumbe miaka yote hii amekuwa akisikilizwa kama mgonjwa. Nilitaka kumwambia si kweli. Ilikuwa kweli kidogo, na ndiyo maana nilishindwa.

Mama alizunguka kiti akaja mbele yake. Alichuchumaa pale kwenye vumbi na viatu vyake vya kutokea, ili wawe sawa kwa macho.

"Siku ile niliyoyaona mabati," alisema, "ndiyo siku daktari aliponiita pembeni akaniambia hutasimama tena. Na wewe ulikuwa unaniuliza kila nikiingia, lini, lini. Nilikaa kwenye lile benchi la nje na chakula chako kinapoa. Nilikuwa na habari mbili, baba watoto. Nikaona mbili siku moja zitakuua. Nikakupa moja. Nikasema ya pili nitakupa ukipata nguvu, na wewe ukapata nguvu kwa kulisimulia lile paa. Ningekwambia saa ngapi?"

Rimoti ikaanza kulia mikononi mwangu. Betri ilikuwa imefika chini. Droni ikaacha kunisikiliza, ikageuka yenyewe juu ya paa la buluu, ikaanza kurudi kwetu. Baba aliinua macho akaifuata mpaka ilipoanza kushuka, kisha akamrudia mama.

"Ungenipa ya paa," alisema. "Ya miguu ningejionea mwenyewe."

Mama alicheka kabla hajajua anacheka, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kilio, na alilia kwa sauti pale sokoni, paji la uso juu ya magoti ya baba ambayo hayasikii kitu. Baba alimwekea mkono mgongoni. Droni ilitua karibu na gurudumu, mapanga yakasimama. Niliinama nikaichomoa betri. Ilikuwa ya moto, nikakaa nayo kiganjani nikisubiri ipoe.